Uji wa Mzazi

Jumapili, 2 Juni
Kanisani, kisha kwa mke wa fundi baiskeli. Amejifungua msichana. Nilibeba kuni na unga wa uji kama kawaida. Hapa Butihinda wanaita guhemba: mwanamke akizaa, wenzake wanampelekea vitu vya kumtia nguvu. Nimekwenda kwa kila mzazi wa kanisa letu. Kwangu hajawahi kuja mtu. Aje kwa lipi? Nina miaka arobaini na mitatu na cherehani.
Wivu. Naandika tu, Mungu anajua tayari.

Jumanne, 4 Juni
Sare nne za shule, vifungo bado. Zakaria amepiga simu kutoka Gitega. Mkongomani, alifiwa na mke, anauza vitenge sokoni, watoto watatu. Tulijuana kwenye mkutano wa maombi Muyinga mwaka jana, na tangu hapo ananipigia kila Jumanne. Leo amesema nije, nitangazwe kanisani kwake, tufunge ndoa mwezi wa saba.
Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Mama angekuwepo ningemwambia yeye kwanza. Mwaka wa pili huu tangu tumzike. Nikawaambia kuku.

Ijumaa, 7 Juni
Nagawa vitu. Kuku wawili kwa Mama Ediza, kiongozi wa akina mama kanisani. Meza ya cherehani kwake pia, nitabeba kichwa tu. Mchungaji aliuliza wazee wa Zakaria watakuja lini kuniposa. Nikamwambia Zakaria ni mkimbizi, wazee wake walibaki Kivu, na mimi sina baba. Tukairuka hatua hiyo, sote tunacheka.

Jumapili, 9 Juni
Wameniaga. Walinikalisha mbele, wakaniwekea mikono, wakanipa mkeka mpya wa bibi harusi. Kila mtu alisema Mungu amejibu. Mama Ediza alilia, naye si mtu wa kulia.
Nina furaha mpaka naogopa.

Jumatano, 12 Juni
Gitega. Baridi ya asubuhi inauma. Nimefikia kwa dada mmoja wa kanisa la Zakaria, ana nyumba kubwa na maneno machache. Binti mkubwa wa Zakaria alikuja kunisalimia, ana adabu, aliangalia viatu vyangu. Zakaria hakuniangalia usoni.

Alhamisi, 13 Juni
Aliniambia kwenye kibanda chake, tumekaa katikati ya vitenge. Miaka minane wanangoja kupelekwa ng'ambo, yeye na watoto. Majibu yametoka wiki hii. Wiki ile ile niliyoagwa.
"Siko nakukataa. Dosie yetu ya safari imetoka. Nikiongeza mtu ndani, batarudisha kila kitu nyuma. We ungojee. Nikifika kule nitakuita."
Mteja aliingia, nikamsaidia Zakaria kukunja kitenge.
Simchukii. Ningekuwa na watoto watatu ningefanya vivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa, 14 Juni
Sijala. Sijaomba.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Huko Mama alikataa kupanda hata mpapai. Tunarudi mwakani, alisema, mwakani, mwakani, mpaka nikawa mtu mzima. Alikuwa na kitambaa cha buluu cha pazia. Hakukitundika kamwe, eti kitachakaa kabla hatujafika nyumbani. Tulifika. Akaendelea kukitunza. Bado kimo sandukuni.
Nikikubali kungoja, ni kambi nyingine, na humo niko peke yangu.
Nimempigia Zakaria. Nimesema hapana. Nimesema namwombea yeye na watoto wafike salama. Nililia baada ya kukata simu, si kabla. Ile sala nusu yake niliimaanisha. Nusu nyingine nitaiombea baadaye.

Jumatatu, 17 Juni
Nimerudi Butihinda. Nilishuka sokoni, soko limejaa, kichwa cha cherehani ndani ya gunia, mkeka wa bibi harusi kichwani. Hakuna aliyeuliza. Ningeona nafuu kama wangeuliza.
Nyumba inanuka vumbi. Bwana, sina furaha. Nina nyumba, nina mikono, nina wewe. Nimesema hivyo kwa sauti na bado haikutosha. Nitasema tena kesho.

Jumanne, 18 Juni
Nimesema tena. Simu haikulia. Jumanne ndefu kweli.

Jumatano, 19 Juni
Siendi kuchukua meza yangu kwa Mama Ediza. Naona haya. Nilipita nyuma ya mashamba kwenda kuchota maji, mtu mzima na akili zangu, najificha kama mwizi.

Alhamisi, 20 Juni
Nimetoa kitambaa cha Mama. Nimekipinda kwa mkono, sindano na uzi, siku nzima. Kimefifia kwenye mikunjo. Nimekitundika. Mama angegomba.

Jumamosi, 22 Juni
Mchana niliona akina mama sita wanapanda njia kwa mstari. Kuni kichwani, unga, mkungu wa ndizi. Nikajiuliza nani amejifungua, na kwa nini hawakuniambia. Nikasema basi, hata huko nimeshafutwa.
Wakasimama mlangoni kwangu. Wawili wa nyuma walikuwa wamebeba meza ya cherehani.
Mama Ediza alisema, "Dada, hatukujua mtu aliyerudi anapelekewa nini. Tukaleta tunachojua."
Kisha akanipa kuku mmoja. Wa pili walishamla, Jumapili ile ile ya kuniaga. "Tulijua hurudi," alisema, na macho yake hayana aibu hata kidogo. Nilicheka, halafu nikalia, halafu sikujua nafanya lipi. Walikaa juu ya mkeka ule ule. Hakuna aliyemtaja Zakaria. Walisifu pazia.
Saa kumi waliondoka, wana waume wa kupikia. Nyumba ikanyamaza tena.

Jumapili, 23 Juni
Nimeamka peke yangu. Nimemsalimia kuku.
Nimepika uji wa unga wao, mahindi, mtama na soya. Miaka yote nimeubeba kwa wengine, sikuwahi kuuonja. Si desturi kuonja cha mzazi. Nilikaa dirishani penye pazia nikanywa taratibu.
Sijaacha kutaka mume. Bwana anajua, sitamdanganya siku yake. Ila asubuhi hii, kwa muda wa vikombe viwili, sikuwa nangoja kitu.
Ulikuwa mtamu. Nikaosha kikombe, nikaenda kanisani.