Mbwa Aliyechanwa Manyoya

Kadutu, Bukavu
Mei 1999

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya mpendwa Nathanaël,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Sijui unalala wapi wala unakula nini, lakini natumaini mwili ni mzima. Sisi tupo, Mungu anatusaidia. Mgongo unamsumbua Papa, na Maman amekonda mpaka vitenge vyake vinamzunguka mara mbili.

Tangu ulipokwenda kijiji cha Miti mwaka jana kununua maharage, hatujapata habari ya kushikika. Wengine walisema umechukuliwa na askari, wengine kwamba umeingia msituni. Kisha mjomba wetu, Tonton Gaston, akasema alikuona upande wa Kavumu umevaa nguo za jeshi. Papa alikasirika, akatamka mbele ya majirani kwamba mtoto anayevaa nguo zile si wake. Nadhani maneno hayo yalikufikia.

Lakini leo nakuandikia habari za mbwa wako, maana kichwa changu kimevurugika kabisa.

Unamjua Jiro kuliko sisi. Yule Mjapani mtafiti wa sokwe, alipokuachia mbwa huyu akikimbia vita ya kwanza, ile ya 1996, alikueleza kwamba ni Akita, mbwa wa milima ya baridi kwao, ambao zamani waliwinda dubu. Alisema habweki ovyo, ni msafi kama paka, hapatani na mbwa wenzake, na akishachagua watu wake basi. Mgeni hata akija na nyama hapokelewi. Tulicheka. Sasa hatucheki. Tonton Gaston ameishi nasi mwaka mzima, na mpaka leo Jiro humsimamia mlangoni kimya, meno nje, hadi Papa aje kumwokoa. Hata mimi ananivumilia tu. Nikileta kitana anaondoka zake kama chefu wa kijiji aliyekatizwa mkutano.

Mwezi huu manyoya yake yanapukutika, nyumba nzima imejaa. Basi Jumapili moja tulirudi kutoka misa tukamkuta amechanwa vizuri, shingo hadi mkia, na manyoya yamerundikwa kando ya ukuta wa jikoni. Lango lilikuwa limefungwa. Hata samaki walikuwa kwenye sufuria yao.

Kila mtu akaja na lake. Tonton Gaston aliapa kwamba ni mwizi amemlisha mbwa dawa ili aisome nyumba. Papa akabadilisha kufuli. Jumapili iliyofuata, kufuli jipya, mbwa kachanwa tena! Maman aliketi chini akalia: «Ile iko roho ya mutoto wangu. Anaomba tumuombee.» Akaenda parokiani kuomba misa yako ya wafu. Papa hataki kuisikia. Anasema hawezi kumwita marehemu mtu ambaye hajamwona amekufa. Sasa wamenuniana, na mimi niko katikati, asubuhi naamini mwizi, jioni naamini roho.

Jana nilikuwa nikifagia manyoya hayo, nikasimama na ufagio mkononi. Roho itafanya nini na kitana? Na mwizi gani atamgusa Jiro abaki na vidole vyake?

Yaya, ni wewe. Unakuja tukiwa misani, unaruka ukuta, unamchana mbwa wako, unaondoka. Kama umetoroka jeshi, kama ni aibu, kama ni maneno ya Papa, mimi sielewi. Nimekukasirikia na nimefurahi, vyote pamoja, nashindwa hata kulala. Barua hii simpi mtu. Nitaifunga kwenye mkanda wa Jiro, chini ya manyoya ya shingo, mahali ambapo Tonton hatathubutu kutafuta.

Jumapili hii nitasema naumwa kichwa, nibaki. Misa yako ya wafu ni Jumamosi inayofuata. Papa angekusalimu kama angejua, hata kama angejifanya anakohoa. Ukimaliza kumchana mbwa, usiruke ukuta tena, njoo jikoni. Maman ameshaazima kitenge cheusi kwa jirani. Mngoje arudi, akuone kabla hajakivaa.

Mdogo wako akupendaye,
Constance