Midomo Sebuleni

Baba watoto,

Huku sote wazima. Kitindamimba wako ameng'oka jino la mbele, na paa bado linavuja palepale ulipoahidi kuziba.

Binti yetu mkubwa ameniambia umenunua picha kwenye maonyesho, ile kubwa ya mawimbi mekundu, ukaitundika sebuleni mkabala na kiti chako. Eti unawaambia wageni inakutuliza roho. Nimefurahi sana, maana ni kazi ya mikono yangu.

Unaikumbuka katuni uliyokuwa ukiichora gazetini, yule mke mwenye mdomo mwekundu, mpana kama mlango? Kila mtu alijua ni mimi. Hata muuza mkaa aliniita kwa jina la huyo mke wa katuni. Kisha ukahama, ukasema umechoshwa na mdomo wangu, magazeti ukayaacha uvunguni. Niliikata midomo yote, nikaibandika mmoja juu ya mwingine mpaka sura ikapotea, ikabaki rangi tu.

Leo sogea karibu uitazame vizuri. Ulikimbia mdomo mmoja, sasa unakaa mbele ya mia, na yote iko wazi.

Nisalimie wageni wako.

Mama watoto