Nyumba ya Beringi Mlangoni kwa Mzee Ouko

Suna, Migori

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kibarazani, mguu umetulia, na dawa unazinywa badala ya kuzificha chini ya mto. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na mahindi ya bondeni, nguruwe wameyaacha mwaka huu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, lakini moyo haujatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Baba, simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka watu wa kisimani wanajua nimekula nini. Sikulaumu, masikio uliyaacha kwenye mashine za mkonge. Ila hili ninalokuambia si la watu wa kisimani. Isome mwenyewe, usimpe Mariamu akusomee. Dada yangu nampenda, lakini neno halikai kwake.

Unakumbuka nilikueleza kuhusu nyumba za beringi, vile vikasha vya chuma vya kushikilia beringi ya shafti, ninazotengeneza hapa kwenye karakana ya Mama Robi. Udongo wa huku ziwani ni mweusi, ukipata mvua unavimba, jua likiwaka unapasuka. Fremu ya mashine uliyoisimamisha sawasawa leo, msimu ukigeuka unaikuta imeinama. Shafti inapinda nayo, beringi ya kawaida inabanwa upande mmoja, inachemka, inakufa. Basi nikachora nyumba ambayo ndani imechongwa mviringo kama bakuli, na beringi yenye mgongo wa mviringo inakaa humo. Fremu ikiinama kidogo, beringi nayo inageuka kidogo kuifuata shafti. Kuifunga kuna namna yake: unaacha nati za kifuniko zimelegea, unazungusha shafti kwa mkono mpaka beringi ipate mahali pake yenyewe, ndipo unakaza. Niliharibu vyuma vingi kabla haijakubali. Siku ilipokubali nilicheka peke yangu kama mwehu, nikatamani ungekuwepo.

Moja ilikwenda kwa mama mmoja wa Oyugis anayesaga mahindi, nyingine iko hapahapa sokoni Suna. Ila ya kwanza kabisa niliipeleka Kendu Bay kwa Mzee Ouko, ambaye husaga omena, dagaa wa huku, kwa chakula cha kuku. Mzee Ouko ndiye baba yake Akoth, yule mwalimu wa chekechea ambaye Mama ameshakuchosha kwa habari zake. Sikumuuzia, nilimpa. Akaanza kuniita "orwa", yaani mkwe wetu, hata kabla wazee hawajakaa. Baba, kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka nilijisikia nina kwetu.

Baada ya siku chache akanipigia.

"Orwa, hii kitu yako inacheza."

"Inatakiwa icheze, mzee. Hiyo ndiyo kazi yake."

Akacheka sana. "Mashine yenye inacheza ni mashine imeharibika. Mimi nimeshika spana kabla mamako hajakuzaa."

Nikamwambia nitakuja kumwonesha kwa vitendo. Kabla sijapata nafasi ya kwenda, Akoth akapiga simu analia. "Stefano, mashine imekula mkono ya baba."

Nilimkuta mzee hospitalini, vidole viwili hakuna. Alikuwa ameweka kiganja juu ya nyumba ya beringi asikie joto lake, kama wewe unavyofanya siku zote, ikapasuka, shafti ikaruka, puli ikamkamata. Nikaenda kuifungua mashine peke yangu. Nilipofuta grisi, nikaona rangi ya bluu ambayo mimi sikuipaka. Nikaikwangua. Pale penye upenyo, pale ambapo beringi inapaswa kugeuka, kulikuwa na vipande vya bati vimesokomezwa, halafu vimechomelewa kuzunguka pande zote, vikasagwa vikawa laini, vikapakwa rangi. Hapo kwake hakuna mwingine mwenye mashine ya kuchomelea ila yeye, huchomelea mageti ya watu.

Aliona kitu kinalegea, akakikaza. Wewe ungeiona hiyo weldi ungeisifu, ilivyo safi. Alidhani ananisaidia, tena kimyakimya, ili mkwe wake asiaibike. Ardhi iliposogea, beringi haikuwa na pa kugeukia.

Nikarudi hospitalini. Akaniuliza, "Umeenda kwa mashine?"

"Nimeenda, mzee."

"Umeona nini?"

"Nimeona imepasuka."

Akageukia ukutani. Alijua kwamba ninajua.

Tangu siku hiyo, baba, mambo yameniharibikia. Odhiambo, kaka mkubwa wa Akoth, alinisimamisha mbele ya watu akaniambia, "Hii vitu zako za kujaribu-jaribu ungejaribia kwenu Tanzania." Mama Robi, ambaye si mtu mbaya, ameamuru nisizitengeneze tena. "Mimi niko na jina hapa Suna," anasema, na michoro yangu imetupwa chini ya benchi pamoja na vyuma chakavu. Na Akoth alikuja mwenyewe mpaka karakana, akaniuliza bila kuzunguka, "Ni kazi yako iliumiza baba?" Nikamjibu, "Niliitengeneza mimi." Huo si uongo, na si ukweli. Akachukua mkoba wake akaondoka, na simu zangu hakuzipokea tena.

Utaniuliza kwa nini nisifungue mdomo. Huku mkwe hajibizani na baba wa mke, hata kiti chake hakikalii, seuze kumuumbua mbele ya wanawe. Lakini si desturi tu. Kendu Bay yote inamjua Mzee Ouko kwa mikono yake. Vidole vimekwenda, amebaki na jina la ufundi, na mimi nikimnyang'anya hilo nitaingiaje mlangoni kwake nikasema nimekuja kuoa? Hayo ndiyo ninayojiambia. Saa nyingine nina hasira, baba, nina hasira sana. Ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na watu wanaitemea mate, na mtu mmoja angeweza kuiokoa kwa sentensi moja.

Nilichoogopa zaidi ni zile nyingine mbili. Nimekwenda Suna sokoni, nimekwenda Oyugis, nimewashika wenye mashine mkono nikawaonesha: hapa msijaze bati, hapa msichomelee, iacheni icheze. Yule mama wa Oyugis ana macho makali.

"Kwani kuna mtu aliweld yake?"

"Hapana, mama. Nasema tu."

"Unasema tu," akarudia, akaendelea kupima unga. Nikamuaga haraka nikatoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita Mzee Ouko alituma niitwe. Nilimkuta ameketi, mkono umefungwa bandeji, wanawe wote wako pale, Akoth amesimama mlangoni. Odhiambo akaanza kunisomea makosa yangu. Mzee akamkata.

"Nyamaza. Mkono ni yangu, si yako." Halafu, akitazama chini, "Huyu alete babake. Tuongee mambo ya Akoth."

Akoth alimtazama baba yake, akanitazama mimi, hakuelewa kilichotokea, lakini jioni ile alinisindikiza mpaka barabarani. Kuhusu ile weldi mzee hakusema kitu, na sidhani kama atasema. Hicho alichonipa ndicho alichoweza kunipa, nami nimekipokea.

Kwa hiyo njoo, baba. Njoo na Mjomba Yusufu, maana yeye ndiye anayejua kuongea na wazee bila kugombana. Lakini kabla hamjapanda basi, nina ombi, na najua ni gumu kwako kuliko safari yenyewe.

Ile nyumba iliyopasuka hakuitupa. Ameiweka mlangoni pa kibanda cha mashine, inazuia mlango usipigwe na upepo. Utapita hapo. Nakujua. Wewe ulisimama katikati ya sala kwenye msiba kule Magoma ukaenda kurekebisha jenereta ya watu. Utavaa miwani, utainama, kidole gumba kitakwenda chenyewe kwenye ule upenyo, na mara moja utajua kila kitu. Nakuomba usiulize. Nyanyuka, mpe mkono wa kushoto, maana wa kulia bado unamuuma, kunywa chai yake. Na wakikuuliza habari za kazi yangu, sema kijana bado anajifunza, mumvumilie. Najua hujawahi kusema hivyo juu yangu. Sema mara hii.

Msalimie sana Mama, mwambie asihangaike kushona gauni jipya, lile la Pasaka linatosha. Msalimie Mariamu, na shangazi wa kule mlimani, na mpangaji wetu mwalimu anayekuletea magazeti. Mjomba Yusufu mwambie aje na koti, kuna baridi njiani.

Chini ya kitanda changu nimebakiza nyumba moja nzima, Mama Robi hajui. Mkimaliza Kendu Bay tutarudi hapa Suna, tutafunga mlango, tutakuwa mimi na wewe tu. Nitakupa uishike, uizungushe kwa mkono wako. Utaona inavyocheza.

Mimi mwanao,
Stefano