Stroberi Zisizooshwa

Jumatatu, 4 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, nimenenepa hadi koti la kazini linagoma kufungika.

Pole. Mwokaji wa keki kukurudishia stroberi zimeota ukungu, na kusema zikiharibika tena atanunua kwa mwingine! Bahati yako umezaa bingwa. Hapa kwenye ghala la baridi, bosi mwenyewe hafungui mlango bila kuniuliza (funguo ninazo mimi). Basi sikiliza. Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Shika kikonyo, usibinye tunda. Lililochubuka litoe, likioza linaambukiza majirani. Panga tabaka moja tu kwenye trei, kisha friji upesi. Na Mama, nakupigia magoti: usizioshe. Ukungu ukipata maji umepata karamu. Mwokaji ataosha mwenyewe akitaka kuzitumia.

Mwanao, bingwa wa baridi


Jumapili, 10 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalia, mdomo uko salama.

Yote nimekubali isipokuwa hilo la mwisho. Tangu niolewe sijampa mtu tunda lenye vumbi. Wewe nilikuosha asubuhi na jioni, mbona hukuota ukungu? Mwokaji anakuja mwisho wa mwezi. Nitaziosha.

Mama yako


Jumamosi, 16 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sikuota ukungu kwa sababu ulikuwa unanifuta, tena kwa nguvu, masikio yanakumbuka. Stroberi utaifuta wapi, na ngozi yenyewe laini vile?

Tufanye hivi: osha trei moja, nyingine iache. Nikishindwa, likizo nitakuoshea vyombo mwezi mzima, shangazi zangu wote wakitazama.

Mwanao


Ijumaa, 29 Agosti

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Hata bosi ameshangaa, siku hizi sijisifu.

Mwanao


Jumanne, 2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nilinyamaza makusudi, nilitaka nikuandikie umeshindwa.

Trei niliyoosha imeota ndevu za kijivu kama za marehemu baba yako. Ile nyingine inang'aa, nyekundu tupu. Mwokaji alinusa, akatia moja mdomoni bila kuosha, mimi nimefumba macho. Akasema anazitaka kila wiki. Akauliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia ni mwanangu, mwenye ghala la baridi huko mjini.

Ndiyo, mwenye ghala. Nimeshasema mbele za watu, kwa hiyo jitahidi.

Vyombo utaosha hivyohivyo.

Mama wa bingwa