Divine Hataki Kuomba

Jumapili, Carama

Mbele ya wote mezani! Angenivuta pembeni ningemsikiliza, lakini Divine alingoja tufumbe macho.

"Mama, mi siombi tena. Kule Gatumba tuliomba maji yasiingie nyumbani, yakaingia. Tukamuombea papa alipougua, akapooza. Niombe nini sasa?"

Ana miaka kumi na sita. Mdogo wake Élie akanitazama aone nitafanya nini. Nilitaka kumkaripia dada yake, nikashindwa. Mwaka huu hata mimi nimewahi kupiga magoti nikakosa la kusema. Sijamwambia mtu.

Ndipo mume wangu, papa yao, akaanza kuomba mwenyewe. Tangu ulimi wake uwe mzito, alikuwa hajawahi kuomba kwa sauti.

"Mungu... tunaku... tunaku..."

Akakwama. Jasho likamtoka.

"Tunakushukuru," Divine akamalizia polepole, akamshika ule mkono usiosikia. "Endelea, papa."

Wakaenda hivyo hadi amina, baba akianza neno, binti akilimaliza. Maharagwe yakapoa na hakuna aliyelalamika.

Sijui kama kwake ilikuwa sala au ni kumsaidia baba yake tu. Sikumuuliza. Alipokuwa anaosha vyombo nilimfuata, nikamwambia kwamba hata mimi siku nyingine nakosa maneno.

"We, mama? Kweli?"

"Kweli."

Akaniegemea begani, mikono bado ina povu. Tangu tuhame Gatumba alikuwa hajafanya hivyo.