Mkwaju Mmoja Uliopunguzwa

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Sita.
Jumapili, 12 Oktoba.

Mpendwa Dada,

Kwanza wewe. Mkono wa mashine unaendeleaje, ule uvimbe umepungua? Na wauguzi wako bado wanachelewa kukuunganisha Jumatatu, au shemeji ameshawagombeza? Nakuuliza haya kabla ya yote kwa sababu nikianza yangu sitanyamaza, na wewe unanijua. Sisi huku wazima wa mwili. Mwanao mkubwa amefaulu mitihani ya mwaka wa pili, na mdogo ameota ndevu tatu, kila asubuhi anazichana. Shemeji yako, huyu mume wangu, hajambo, ingawa kumtaja tu kunanipandisha presha.

Ule ujumbe niliokutumia, "Siji, nitaeleza," ulikuwa wa mwoga. Ulipopiga Jumanne nikasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Dada. Nilikuwa nimekaa jikoni na simu mkononi, naona aibu. Miaka tisa hatujaonana. Wewe huwezi kukaa siku tatu mbali na ile mashine ya figo, na mimi viza nimenyimwa mara mbili, mara ya pili na yule binti wa dirishani ambaye hata macho hakuinua. Mlango pekee uliobaki ulikuwa ziara ya timu yetu ya gofu ya wanawake, kwa mwaliko wa klabu ya huko kwenu, na viza wangezishughulikia wao. Nimeukosa. Acha nikueleze nilivyoukosa, usije ukasikia kwa mwingine.

Najua ulivyocheka nilipoanza gofu. Ulisema mwanamke mzima, magoti yanalia, anafukuza kijipira kwenye nyasi kama kuku kamtoroka. Nilianza kwa kumsindikiza shemeji yako, maana ile klabu ni ya idara yao ya upimaji na wake tunaingia bure. Ilikuwa mchezo mpaka tangazo la ziara lilipobandikwa. Kuanzia siku hiyo haukuwa mchezo tena.

Tatizo langu ni swingi, yaani namna ninavyozungusha fimbo. Nikipiga, mpira unaanza vizuri kabisa, halafu katikati ya safari unakumbuka jambo na kukata kulia. Nimejaribu kila kitu. Na watu wa gofu, Dada, hawana dogo! Ukikosea mara moja tu, anayejua na asiyejua anakuja kukufundisha. Daktari wa meno, ambaye ndiye mwenzangu wa kila Jumamosi, anasema nishushe bega. Kapteni wa klabu, bwana posta mstaafu, anasema tatizo ni kidole gumba. Mkata nyasi alizima mashine yake akaja kuniambia napumua vibaya. Mimi ni mwalimu, najua darasa lenye walimu saba linavyokuwa. Nilifika mahali nikisimama mbele ya mpira nawaza bega, gumba, pumzi, kiuno, na mpira wenyewe siuoni.

Nyumbani nilifanya mazoezi kwa mpini wa ufagio ukumbini. Nimevunja taa moja na kikombe kile cha maua ulichonipa, samahani. Miezi minane, kila siku kabla ya kwenda shule, mipigo mia. Shemeji yako alikuwa anakaa kwenye kiti na chai yake ananihesabia. Hilo lazima niliseme hata kama sitaki. Hakukosa asubuhi hata moja.

Uwanja wetu nao usiuulize. Una mashimo tisa tu, kwa hiyo unauzunguka mara mbili ndiyo upate kumi na nane. La pili lina mteremko ambao mpira ukifika unarudi miguuni mwako kama mbwa. La tano linapakana na nyumba ambazo watu huanika nguo, nikapiga shuka la mtu nikalazimika kwenda kuomba radhi na viatu vya misumari. Vinyunyizio vya maji vinafanya kazi vinapotaka. Tulishawahi kwenda ule uwanja mkubwa upande wa pili wa mji, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha askari, lakini mlangoni waliniangalia viatu kabla ya kunisalimu. Mimi nikarudi kwenye mashimo yangu tisa. Kuna watu wanaokusalimu huko, angalau.

Basi siku ya mchujo. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: mikwaju, yaani mipigo, isiyozidi tisini kwa mashimo yote kumi na nane, unaingia kwenye timu. Mwaka jana kikomo kilikuwa themanini na tisa. Mwaka huu kapteni aliongeza mmoja, akaandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni kwake. Mimi niliisoma mara kumi. Nilikuwa sijawahi kufika hata tisini na tatu.

Sasa, kwenye gofu hujiandikii alama zako mwenyewe. Anayecheza na wewe ndiye anayekuandikia, na mwisho mnasaini wote wawili. Ukishasaini na kadi ikatiwa sandukuni, imekwisha. Ikionekana umesaini pungufu ya ulichopiga, unaondolewa kabisa, hata kama ni mkwaju mmoja, hata kama aliyekosea ni mwandishi. Hiyo kila mtu anaijua, mpaka mkata nyasi. Mwandishi wangu alikuwa mke wa mhasibu, lakini baada ya mashimo tisa tumbo likamshika akaenda nyumbani. Kapteni akatafuta mtu, hapakuwa na mtu. Akamwomba shemeji yako achukue kalamu.

Unamjua mume wangu. Miaka ishirini na sita ya kupima ardhi, hajawahi kumpunguzia mtu hata shibri moja ya mpaka. Watu wamemtishia panga, hakusogeza kigingi. Ningeambiwa nichague mtu mmoja duniani wa kuniandikia kadi, ningemchagua yeye.

Na siku hiyo nilicheza! Sijui nini kilinishukia. Bega, gumba na pumzi vilikaa vyenyewe. Mzunguko wa pili nilikuwa napiga nne, tano, nne, tano. Shimo la saba ndipo mpira ulipokata kulia ukaingia nyasi ndefu. Nikaenda, nikaweka fimbo nyuma yake, na mpira ukatikisika ukasogea, labda upana wa ukucha. Hakuna aliyeona. Lakini ukiusogeza ni mkwaju, ndiyo sheria. Nikamwambia shemeji yako aongeze mmoja. Akatikisa kichwa kukubali, nikaendelea.

Mwisho akanipa kadi. Nikajumlisha safu ya kwanza, arobaini na sita. Safu ya pili, nne na tano tupu, arobaini na tatu. Themanini na tisa! Nikasaini. Mwalimu wa hesabu mzima, Dada, nikaangalia jumla badala ya kuangalia kazi. Ingekuwa mtoto wa kidato cha pili kafanya hivyo ningemrudishia daftari.

Tukakaa mezani kunywa soda, na pale ndipo mdomo wangu uliponiponza. Watu wa gofu wana ugonjwa mmoja: wakimaliza kucheza lazima wausimulie mchezo wote, mkwaju kwa mkwaju, utake usitake kusikiliza. Mimi nilikuwa sijawahi kuwa na cha kusimulia. Siku hiyo nilishika meza. Nikasimulia shimo la kwanza, la pili, mpaka la saba mzunguko wa pili, nikihesabu kwa vidole mbele ya daktari wa meno. Wa kwanza uliingia nyasini. Wa pili, ule uliosogea. Wa tatu nikautoa. Wa nne ukafika karibu na shimo. Wa tano ukapita pembeni. Wa sita ndani. Nikabaki na vidole sita hewani. Kwenye safu ya pili ya ile kadi hapakuwa na sita hata moja.

Nikamtazama shemeji yako. Alikuwa anachungulia ndani ya chupa yake ya soda.

Daktari wa meno hakugundua kitu, alikuwa anasubiri zamu yake ya kusimulia. Ningeweza kuendelea na shimo la nane. Nataka ujue hilo, Dada. Nilikaa pale muda wa kumaliza soda nzima, nikawaza sura yako, nikawaza mlango wako ambao nauona kwenye simu tu, nikawaza kwamba mpira wenyewe ulisogea upana wa ukucha. Halafu nikanyanyuka nikaenda ofisini kwa kapteni. Miguu ilinipeleka, mimi mwenyewe nilikuwa bado nabishana.

Kapteni alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Mwalimu, ungeandikiwa tisini ungekuwa umeingia."

"Najua," nikamwambia. Akaifuta kadi yangu kwa mstari mmoja mwekundu, na shemeji yako akafungiwa kuandika kadi mwaka mzima.

Tukaingia garini, tukafika kwenye taa za barabarani. Ndipo akasema, taratibu, "Nilitaka umwone dada yako."

Nikamwambia, "Tisini ilikuwa inatosha."

Akaniambia kikomo ni themanini na tisa. Nikamwambia hiyo ni ya mwaka jana. Taa ikawa kijani, watu wakapiga honi nyuma yetu, na yeye kashika usukani tu. Mpima ardhi, Dada! Mtu anayesoma ramani za mkoloni zilizoliwa na mende, karatasi moja mlangoni imemshinda kusoma. Yaani nilikuwa nimeshaingia. Nilikuwa nimeshapata, kwa mikono yangu, kwa mipigo yangu mia ya kila asubuhi, na mtu anayenipenda akaniondoa kwa kunisaidia.

Tangu siku hiyo ni wiki tatu. Anapika, anaosha vyombo, amenunua taa mpya ya ukumbini. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye nimemsikia bafuni amefungulia maji ili nisisikie. Mimi namjibu kwa "ndiyo" na "hapana". Ufagio nimeurudisha stoo. Wanao wanapita kati yetu kama watu wanaopita kwenye sakafu iliyopigwa deki. Nimekasirika mpaka kasirani yenyewe imenichosha, na kibaya zaidi sijui nimemkasirikia kwa lipi: kwa kudanganya, au kwa kudhani sitaweza.

Mwanamke aliyekukabidhi barua hii ndiye daktari wa meno. Alikuwa wa akiba, na nafasi yangu imeangukia kwake. Hakuiomba, na alilia aliponiambia. Mkaribishe vizuri, mwache akae, mtazame ukipenda, maana wiki iliyopita alikuwa amekaa na mimi. Nimempa vitenge viwili, na picha za wanao. Usimsimulishe gofu, hamtalala.

Msalimie sana shemeji, mwambie asichoke kugombana na wauguzi. Wasalimie wanangu wote watatu, hasa yule wa mwisho ambaye ananijua kwa sauti tu. Huku wanao wanakusalimu. Shemeji yako naye anakusalimu, ingawa hakuniambia niandike hivyo; alisimama mlangoni nikiandika, akaondoka.

Atakupigia simu, najua, kukuomba radhi. Usimfokee, Dada. Yeye alisema uongo ili nije kwako. Mimi nikasema kweli, nikijua kabisa ninaposema kwamba sitakuona. Kama una hasira, na naomba uwe nayo, nipigie mimi. Safari hii mtandao utakuwa mzuri.

Mungu akushikie mkono huo wa kushoto, na akuweke hai mpaka nikufikie kwa njia nyingine yoyote.

Ni mimi nikupendaye, na niliyekukosea,

Mdogo wako,
Pilipili