Moyo Wangu Hausubiri Kikao

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kunung'unika? Huku watoto wanakula kama mchwa na shemeji yako amenenepa. Nami ukinitazama ni mzima wa afya, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Nimeandika kwa makusudi. Kwenye simu unanifokea hadi nasahau nilichotaka kusema. Karatasi huwezi kuikatiza.

Unajua vali ya moyo wangu inavuja tangu miaka ile. Mwezi uliopita daktari wa moyo, yule mama mwenye miwani, alinipiga picha tena, akasema sasa nipasuliwe. Nikacheka. Nikamwambia sina kikohozi, natembea, nafanya kazi. Akaniuliza nashonea cherehani gani. Nikajigamba: siku hizi ya mota! Akauliza ile ya kukanyaga niliiacha kwa nini.

Kaka, niliiacha kwa sababu ilikuwa inanichosha. Maji nabebewa, sokoni naagiza, kwenye ngazi napumzika nikijidai nasalimia watu. Ninyi mlinipongeza kwa mota, kumbe nilikuwa nayapunguza maisha kidogo kidogo bila kujua.

Akanieleza. Kila pigo la moyo, damu nyingine inarudi ilikotoka, basi moyo unajaa kupita kiasi, na msuli wake unavutika ili uisukume yote. Unaweza kuvumilia miaka na mwenyewe usihisi kitu. Mimi ni fundi, nikaelewa mara moja: ni lastiki ya sketi. Unaivuta inarudi, unaivuta inarudi, siku moja hairudi. Ikifika hapo, hata vali ikitengenezwa, msuli umeshalegea. Wangu umeanza kutanuka, lakini bado unarudi. Bado, Kaka.

Sasa mmekaa kikao sebuleni kwangu, chai yangu mkaimaliza, mkaamua bila mimi. Baba Mdogo anasema, "Mgonjwa gani huyu? Juzi kacheza harusini mpaka kiatu kikakatika!" Na wewe kwenye spika ya simu ukatoa hukumu: asiguswe mpaka nije mwisho wa mwaka. Wote wakaitikia kama kwaya. Loo! Kifua changu, wenye kauli ninyi!

Najua unachoogopa. Unamwona Mama kwenye kile kitanda cha magurudumu. Hata mimi namwona, namlilia mpaka leo. Lakini Mama alipasuliwa akiwa hawezi hata kulala chali, miguu imevimba, kwa sababu tulisubiri mpaka aonekane mgonjwa wa kutosha. Kisu hakikumuua Mama, Kaka. Kusubiri ndiko kulikomuua. Nami sikubali kufa kwa adabu.

Napasuliwa Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Shemeji yako ameweka sahihi, nami nimeweka yangu juu ya yake. Usidhani mimi chuma. Naogopa. Ila nitakwenda hivyo hivyo na woga wangu. Ukiweza kuja, njoo unishike mkono. Maneno ya kunizuia yaache huko huko.

Nisalimie wifi, na Kitindamimba wenu, na Shangazi Domo. Mwambie sijafa bado, asianze kulia. Mungu akuponye goti, aitulize mikono ya madaktari, na atukutanishe tena tugombane uso kwa uso.

Nilisahau: nimejishonea gauni la kutokea hospitali. Vifungo nimeweka mbele, maana wanasema mikono sitaweza kuinua. Shingo nimeikata chini makusudi. Anayetaka kuona kovu, aone.

Wako akupendaye, asiyekutii,
Dada yako Sindano